Unakunywa Chai au Unakunywa Jina? Somo Dogo Kutoka Buhemba

Siku hizi ukisimulia jambo kijiweni halafu mtu akakwambia "hiyo ni chai", ujue hujakaribishwa kikombe. Umeambiwa unatunga. Makala hii inahusu chai zote mbili: ile ya kwenye chupa na ile ya kutunga. Swali lake ni hili: mhusika ambaye hajawahi kuishi anawezaje kuingia kwenye kikombe chako na kubadili unachokipenda?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nilitafute jibu.

Nyumbani kwetu ni Buhemba, wilaya ya Butiama, kwenye dhahabu. Mama anauza chai na maandazi karibu na karasha. Chai yake ni ya maziwa, tangawizi ya kutwanga, sukari ya kutosha. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara asubuhi na vumbi mpaka kwenye kope, wanaipitia hiyo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile chupa.

Mwaka wa pili chuoni nikazama kwenye Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani ya mwaka 1987 hadi 1994. Kuna nahodha pale, Jean-Luc Picard, aliyeigizwa na Patrick Stewart. Mtu mtulivu, msomi, hapayuki. Akitaka kinywaji anaiagiza mashine chai aina ya Earl Grey, ya moto, bila maziwa. Mimi nani nibaki nyuma? Bumu lilipoingia nikanunua pakiti moja, na bei yake sitaitaja hapa kwa sababu Mama naye anaweza kusomewa gazeti hili. Likizo nikarudi nayo nyumbani. Asubuhi ya kwanza Mama akanimiminia kikombe, nikasema, "Hapana Mama, mimi siku hizi natumia ya kwangu." Hakusema kitu. Alikimimina kile kikombe tena kwenye chupa, akaenda kazini.

Hatua ya kwanza: mhusika anaingiaje moyoni?

Mwaka 1956 wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja: mtazamaji anamjua mtu wa kwenye redio au televisheni kama rafiki, ilhali yule hamjui kabisa. Rafiki huyo hakukopi hela, hakuchoshi, na kila ukimhitaji yupo. Ndiyo maana akinywa kitu tunakiangalia kwa jicho la urafiki.

Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake walionyesha jambo la pili. Watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, nao walimpiga, tena kwa mtindo uleule. Hakuna aliyewaagiza. Binadamu hujifunza kwa kutazama, na hatuigi tendo tu, tunaiga na namna yake. Mimi sikuiga kunywa chai. Chai nilikuwa naijua tangu nimeachishwa ziwa. Niliiga utulivu wa Picard, na chai ilikuwa ndiyo sehemu ya bei nafuu ya utulivu huo.

La tatu ni la Robert Zajonc, 1968: kitu ukikiona mara nyingi unaanza kukipenda, hata bila sababu. Kikombe kilekile, msimu baada ya msimu.

Mfano wetu wenyewe: Mkwaju

Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu, waulize waliokuwa na redio miaka ya tisini. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, mpaka UKIMWI ukamkuta. Mkewe, Tunu, anaamka taratibu, anajitegemea, na hatimaye anamwacha.

Watafiti walifanya jambo la akili sana. Kwa miaka miwili ya mwanzo, eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo. Walipewa vipindi vingine. Hivyo waliweza kulinganisha: huku wanasikia, kule hawasikii. Kwenye maeneo yaliyosikia, watu wengi zaidi walieleza kuwa wamepunguza wapenzi, wametumia kondomu, au wamefuata uzazi wa mpango. Baadaye Dodoma nao wakarushiwa.

Sasa fikiria. Kama dereva wa kubuni anaweza kumfanya mtu abadili mwenendo wa chumbani, kubadili kikombe kunamshinda nini? Lakini angalia pia tofauti. Mkwaju hakupendwa ili aigwe; aliogopesha. Mhusika anaweza kukuvuta au kukusukuma. Hercule Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie, ni Mbelgiji anayeishi Uingereza na hana hamu na chai ya Waingereza. Yeye ni chokoleti ya moto na majani ya kuchemsha. Shabiki wake anaweza kuiacha chai kwa sababu hiyohiyo iliyonifanya mimi niinunue.

Hatua ya pili: hadithi inaingiaje kwenye ulimi?

Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Tunasema, "Mimi naipenda kwa ladha yake." Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot na wenzake, walichapisha jaribio ambalo divai nyeupe ilitiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wa fani hiyohiyo ya divai wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliwaambia pua zao zinuse nini.

Ladha, basi, haikai ulimini peke yake. Ina harufu, rangi, joto, kikombe, na kile ulichoambiwa kabla ya kunywa. Earl Grey yenyewe si muujiza: ni majani ya chai ya kawaida yaliyotiwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Chai ya asumini aipendayo mjomba Iroh katika *Avatar: The Last Airbender* (2005 hadi 2008) ni majani yaliyopewa harufu ya ua. Watu wa Pwani wanalijua asumini kabla Iroh hajazaliwa kwenye karatasi ya mchoraji, ila kwao liko kwenye nywele na kitandani.

Mdogo wangu wa kike hakusoma utafiti wowote, lakini alinifanyia wake. Siku ya nne ya likizo aliniletea "Earl Grey yako hii, kaka". Nikanywa, nikasifu, nikamweleza na habari za bergamoti. Aliniacha nimalize hotuba. Halafu akanionyesha sufuria: majani ya kawaida ya dukani na ganda la limau. Pakiti yangu ilikuwa haijaguswa tangu jana yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mura," akasema, "kumbe hunywi chai. Unakunywa jina."

Jaribio la kufanya getoni

Usiniamini mimi. Jaribu mwenyewe na wana.

Kwanza, jaribio la pembetatu, linalotumika hata viwandani. Kila mtu apewe vikombe 3: viwili chai moja, kimoja tofauti. Afumbe macho, ataje cha tofauti. Kwa kubahatisha tu, kati ya watu 12, kama 4 watapata. Wakipata 8 au zaidi, kubali kuwa tofauti ipo kweli. Chini ya hapo, usijenge hoja.

Pili, chukua chai ILEILE, igawe vikombe viwili. Kimoja kiseme ni "chai ya mhusika fulani" mnayempenda wote. Kingine "chai ya kawaida". Nusu ya watu waanze na hiki, nusu na kile, ili mpangilio usiharibu matokeo. Kila mmoja atoe alama kati ya 0 na 10. Tofauti ya wastani wa alama hizo haiwezi kuwa ya majani, maana majani ni mamoja. Hiyo ni sehemu ya hadithi.

Sasa, kuna ubaya gani?

Mtu atasema: si raha tu? Kweli, na mimi sijaacha kumpenda Picard. Kutamani utulivu wa mtu, hata wa kubuni, si dhambi. Ubaya unaanza pale hadithi inapokufanya uone haya ya kikombe kilichokusomesha.

Na kuna swali kubwa zaidi kwa sisi tunaoandika. Kilomita chache kutoka Buhemba ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri *Juliasi Kaizari* (1963) na *Mabepari wa Venisi* (1969). Shakespeare alifariki 1616, kabla chai haijaanza kuuzwa London miaka ya 1650, kwa hiyo humo usiitafute. Lakini sisi hatuna udhuru huo. Tuna chai ya Mufindi, Rungwe, Usambara na Kagera, tuna maziwa ya ng'ombe wa Mara, tuna tangawizi. Muhammed Said Abdulla alipomuumba Bwana Msa alimwazima Sherlock Holmes, lakini akamweka Unguja, na msomaji akamkubali kuwa mtu wa pale. Yuko wapi mhusika wa leo, mwerevu, mtulivu, anayeheshimika, anayefikiri vizuri huku ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kando ya karasha?

Asubuhi ya mwisho ya likizo niliamka saa kumi na moja, nikambebea Mama chupa mpaka kibandani. Nilikunywa vikombe viwili nimesimama, kama wachimbaji. Pakiti yangu nilimwachia mdogo wangu. Ameniambia anaichanganya na maziwa.

Maswali ya kujadili kijiweni

1. Taja kitu kimoja unachokula au kunywa leo ambacho kilianza kwa mhusika wa tamthilia, katuni au riwaya. Je, ulimpenda yeye au kitu?
2. Kwa nini mfano wa Dodoma una nguvu kuliko kuwauliza tu wasikilizaji kama wamebadilika?
3. Katika jaribio la pili, kwa nini tunagawa watu nusu kwa nusu?
4. Andika aya moja yenye mhusika wa Mara anayekunywa chai. Usitaje ladha. Msomaji aitamani.