Safari ya Kasia Ziwani: Maandalizi Yanayoanzia na Kuishia Zahanati

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, hujulikana kwa pamba na mifugo kuliko kwa maji. Hata hivyo, Wilaya ya Busega imepakana na Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Anayetoka Bariadi, Maswa au Meatu kwenda kusafiri huko kwa mtumbwi wa kasia au kayaki huandaa chombo na chakula. Somo hili linahusu maandalizi ya afya yake.

Kabla ya safari

Msafiri afike zahanati wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Mhudumu aulize kuhusu kifafa, kisukari, shinikizo la damu, pumu na ujauzito. Mwenye kifafa anaweza kuzama kimya kimya kikimshika majini. Asiende peke yake, na ambaye kifafa chake hakijatulia kwa dawa abaki nchi kavu. Anayetumia insulini abebe sukari kwenye mfuko usiopitisha maji, na wenzake wajue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Penye vyombo viwili, dawa zigawanywe, ili kimoja kikipinduka zisipotee zote.

Majini

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa tangu ufukweni, hata na ajuaye kuogelea. Lililowekwa chini ya miguu halifai kitu mtumbwi unapopinduka. Dhoruba za Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, hivyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe kwanza.

Aliyeopolewa akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo, kwani hayo hupoteza muda na huweza kurudisha matapishi kwenye njia ya hewa. Alazwe chali, apewe pumzi 5 kinywa kwa kinywa, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa kila pumzi 2. Wakati huo mwingine apige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, maana mapafu yanaweza kushindwa saa chache baadaye.

Baada ya kurudi

Hatari nyingine haina kelele. Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Mpiga kasia huyapata zaidi anaposukuma chombo kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Buti ndefu za mpira hupunguza hatari, lakini haziimalizi. Kumeza prazikwanteli kabla ya safari hakukingi.

Hapa ndipo kosa hutokea. Kwenye malambo na madimbwi ya bara la Simiyu, kichocho kinachofahamika ni cha mkojo. Ziwani ni cha matumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa kinyesi. Msafiri anayerudi Bariadi na kupimwa mkojo peke yake anaweza kuambiwa ni mzima, huku minyoo ikiendelea kuharibu ini lake kwa miaka. Apimwe mkojo na kinyesi, wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji mara ya mwisho, kwa kuwa prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga.

Homa, kikohozi au upele ukitokea kabla ya muda huo, asisubiri. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, mhudumu aulize: umegusa maji gani, na lini?

Kwa hiyo, kabla msafiri hajaondoka, mhudumu aandike kwenye daftari lake tarehe ya kurudi kupimwa. Safari ya ziwani haijakamilika mpaka tarehe hiyo itimizwe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi kwa aliyetoka ziwani?
2. Aliyezama na asiyepumua huanza kusaidiwaje?