Jinsi ya Kuisoma Karatasi ya Mafigo

Katika likizo ya Desemba mwaka 2024 mjomba wangu, ndugu yake mama, alinipa bahasha ya kaki yenye karatasi tatu, akaniambia, "Mjomba, wewe unasoma mambo ya sayansi. Hebu nitazamie hizi." Zilikuwa karatasi za vipimo vya damu, na kila moja ilitoka katika kliniki mbalimbali. Penye mstari wa kreatinini, ya mwaka 2021 ilisema 84, ya mwaka 2022 ilisema 101, na ya mwaka 2024 ilisema 113. Pembeni ulichapwa mpaka wa wanaume, yaani 60 hadi 115, na katika zote tatu paliandikwa neno moja: kawaida. Nilimwambia mjomba kwamba mafigo yake ni mazima. Nilikosea, na kosa langu ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwanza yafaa tujue mafigo hufanya nini. Mtu ana mafigo mawili, kila moja lapata ukubwa wa ngumi, nayo yamekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kwa kukadiria milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha kama lita 180 za maji yatokayo katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja na nusu hivi hutoka kuwa mkojo. Kazi hiyo hatuisikii. Watu wengi kwetu husema, "Mafigo yananiuma," wakishika kiuno; lakini mara nyingi maumivu yale ni ya misuli au ya mgongo. Mafigo yanayoharibika polepole hayaumi, na hiyo ndiyo hatari yake. Uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa maji, kichefuchefu, kuwashwa mwili mzima: mengi ya hayo huja wakati mali imekwisha ibiwa.

Kwa kuwa hatuwezi kuyasikia, hapana budi tuyapime, na kipimo cha kawaida ni hiyo kreatinini. Ni taka inayotoka katika misuli. Kila siku misuli hutoa kiasi karibu kile kile, nayo mafigo huitoa kwa mkojo. Mwaka 1886 Mjerumani Max Jaffe alionyesha kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki katika maji yenye alkali hupata rangi kama ya chungwa lililoiva. Hata leo maabara nyingi hutumia njia hiyo: rangi ikikolea, kreatinini ni nyingi.

Sasa nitaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa mpaka Sista anayetufundisha baiolojia alipotutoa nje ya darasa na kutuonyesha uwanja wetu chini ya miembe. Tuseme wavulana kumi wana zamu ya kufagia uwanja ule. Kila mmoja hufagia kipande cha ukubwa ule ule kila siku, wala hawezi kuzidisha. Miembe nayo huangusha majani sawasawa kila siku. Wavulana watano wakiugua, je, majani yataongezeka bila mwisho? Hapana. Siku za kwanza yatazidi. Lakini yakizidi, kila mvulana aliyebaki atakuta majani mengi zaidi katika kipande chake, na gunia lake litajaa zaidi. Mwisho wake majani yatakuwa mara mbili ya zamani, na hapo wale watano watatoa kwa siku majani yale yale waliyokuwa wakitoa wale kumi. Uwanja utabaki hivyo, una majani mara mbili, wala hautazidi.

Damu nayo ni hivyo hivyo. Nguvu ya mafigo ikipungua nusu, kreatinini hupanda hata ikawa mara mbili, kisha hutulia hapo. Basi mtazame mwanamume ambaye katika uzima wake ana 56. Akipoteza nusu ya nguvu ya mafigo atakuwa na 112. Karatasi yenye mpaka wa 115 itamwambia kwamba hana neno! Akipoteza nusu ya ile iliyobaki atafika 224, na hapo kila mtu atashtuka, ijapokuwa sehemu aliyopoteza mara hii ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Ninyi mliochora katika hesabu mstari uliopinda wa kitu kimoja kikigawanywa kwa kingine mtaona mara moja: mwanzoni mstari huo hupanda kidogo kidogo, mwishoni husimama kama ukuta. Hasara kubwa hupita mahali pale ambapo mstari unaonekana umelala.

Kwa sababu hiyo mpaka uliochapwa pembeni haukuhusu wewe hasa. Umewekwa kwa watu wengi pamoja, wenye misuli mikubwa na wenye misuli midogo. Kijana mchukuzi wa mizigo na bibi yake aliyekonda hawatoi kreatinini sawa. Ndiyo maana waganga hutumia fomula inayoingiza umri, na kama ni mwanamume au mwanamke, ikatoa kadirio la mililita ambazo mafigo huchuja kwa dakika moja. Katika karatasi utaliona kwa herufi eGFR. Chukua kreatinini ya 106. Kwa kijana mwanamume wa miaka 20 fomula ya mwaka 2021 hutoa 89. Kwa mwanamke wa miaka 65 hutoa 50. Kipimo kimoja, lakini watu wawili wenye habari mbali mbali kabisa.

Kijana mzima huwa na 90 au zaidi. Kati ya 60 na 89 nguvu imepungua kidogo, na peke yake hiyo haitoshi kuitwa ugonjwa, maana uzee nao hupunguza. Chini ya 60, ikidumu zaidi ya miezi mitatu, ni ugonjwa wa mafigo. Chini ya 15 mtu amekaribia kuhitaji mashine ya kusafisha damu, au figo la mtu mwingine. Angalia yale maneno ya miezi mitatu. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu mtu aliyehara sana, au aliyekula nyama nyingi usiku wa jana, au aliyetoka katika mbio ndefu, aweza kupanda kwa siku chache, kisha akashuka.

Jambo dogo la kuangalia ni vizio. Maabara nyingine huandika maikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Ile 106 na 1.2 ni kitu kimoja. Ukitaka kugeuza, gawanya kwa 88.4. Nimemwona mzee mmoja akifurahi kwamba ameshuka kutoka 130 hadi 1.6, kumbe amepanda.

Fomula nayo ni kadirio tu. Ile ya mwaka 2009 ilikuwa na agizo kwamba mtu mweusi azidishiwe kwa 1.159, kwa kudhani kwamba misuli yake hutoa kreatinini zaidi. Kwa agizo hilo mtu mwenye 55 aliandikiwa 64, akatoka katika hesabu ya wagonjwa kwa kalamu peke yake. Katika fomula ya mwaka 2021 agizo hilo limeondolewa. Mwaka 2022 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliopima watu wa Uganda hapa kwetu, wa Malawi na wa Afrika ya Kusini kwa njia iliyo sahihi zaidi, yaani kuingiza dawa mwilini na kutazama inavyotoka katika damu. Waliona kwamba fomula za kreatinini huyasifu mafigo ya watu wetu kupita kiasi. Mtu aliyekonda kwa njaa au kwa maradhi ana misuli michache, basi kreatinini yake ni ndogo hata kama mafigo ni mabovu. Mwenye selimundu vile vile. Kuna kipimo kingine, sistatini C, kisichotegemea sana misuli, lakini ni ghali na si kila hospitali inacho.

Je, maskini afanye nini? Apimwe mkojo! Hapa naona watu wengi wanadharau, labda kwa sababu ni rahisi. Mwaka 1827 daktari Mwingereza Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza habari za wagonjwa waliovimba mwili. Alikuwa akitia mkojo katika kijiko na kuupasha moto juu ya mshumaa. Wa mgonjwa uliganda kama ute wa yai. Kitu kilichoganda ni protini. Kichujio kizima huizuia protini isitoke katika damu; kichujio kilichotoboka huiachilia. Siku hizi hutumika kijiti chenye karatasi ya rangi, ambacho hugeuka kijani kadiri protini ilivyo nyingi, na mpimaji huandika alama za kujumlisha: moja, mbili au tatu. Kijiti hakioni protini iliyo kidogo sana. Kwa hiyo wenye ugonjwa wa sukari hupimwa kwa njia kali zaidi, ya kulinganisha albumini na kreatinini katika mkojo ule ule, na mkojo wa asubuhi ndio bora. Zikiwa chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini, ni kawaida. Zikiwa 30 au zaidi kwa miezi mitatu, mafigo yana ugonjwa, hata kama kadirio la uchujaji ni zuri. Homa na kazi ngumu huweza kuleta protini ya muda, kwa hiyo kipimo hurudiwa.

Narudi kwa mjomba. Shule ilipofungua nilimwandikia Sista tarakimu zile tatu pamoja na umri wa mjomba, nikamwomba anifundishe fomula. Tulipiga hesabu pamoja. Mwaka 2021 mjomba alikuwa na miaka 48, na kadirio lake lilikuwa 99. Mwaka 2022 likawa 79. Mwaka 2024, akiwa na miaka 51, likawa 68. Karibu theluthi moja ya nguvu ilikuwa imekwenda kwa miaka mitatu, na mara zote tatu karatasi ilisema kawaida. Kila kliniki iliona karatasi yake tu. Mtu aliyeziona zote tatu pamoja nilikuwa mimi, na nilitazama neno badala ya tarakimu. Sista alinionya nisikimbilie kuhukumu, kwa kuwa mashine tatu huweza kutofautiana kidogo. Lakini tofauti kutoka 84 hadi 113 si ya mashine.

Nilimpigia mjomba simu jioni ile, naye mwezi huo huo wa Februari 2025 akaenda hospitali. Shinikizo lake la damu lilikuwa 164 kwa 102. Katika mkojo protini ilikuwa na alama mbili, na hapo kabla hakuna aliyempima mkojo hata siku moja. Bwana Mganga alimuuliza dawa anazokula. Mjomba ni mwashi, na kwa sababu ya kiuno alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila usiku, akidhani anayatibu mafigo yake! Dawa za namna hiyo, na ibuprofeni pia, hupunguza damu inayoingia katika vichujio. Mtu mzima akizimeza siku mbili huenda asidhurike, lakini mwenye shinikizo la damu akizimeza miaka kadhaa hujitafutia taabu. Aliambiwa aziache, apunguze chumvi, akapewa losatani.

Baada ya wiki tatu kreatinini ikawa 122. Mjomba alikasirika sana, akataka kuitupa dawa. Ukweli ni kwamba dawa ile hupunguza msukumo wa damu ndani ya vichujio, na kwa hiyo mwanzoni kreatinini huweza kupanda. Waganga hukubali kupanda hadi sehemu 30 katika 100. Kutoka 113 hadi 122 ni sehemu 8 tu. Ikipita mpaka huo, au chumvi ya potasiamu ikizidi katika damu, hapo ndipo dawa hutazamwa upya. Nilimweleza hayo kwa simu mara mbili. Mara ya tatu alieleza yeye, nami nikasikiliza.

Mwezi wa Mei, miezi mitatu ilipotimia, kreatinini ilikuwa 119, protini alama moja, na shinikizo 134 kwa 84. Bwana Mganga aliandika katika daftari yake kwamba ana ugonjwa wa mafigo ulio mwanzoni. Mjomba hakufurahi kulisikia jina hilo, lakini alikubali. Zile karatasi hazimo tena katika bahasha. Amezibandika ukutani karibu na mlango, na chini yake ameandika kwa penseli ya uashi tarakimu zote kwa mstari mmoja: 84, 101, 113, 122, 119. Kisha ameacha nafasi, na juu ya nafasi hiyo ameandika Agosti.