Moyo wa Mwanamke: Kuzitambua Dalili na Kujikinga

Wengi hudhani kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Sivyo. Duniani kote, maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo vya wanawake. Mara nyingi mama huchelewa kutibiwa kwa kuwa yeye mwenyewe, na hata walio karibu naye, husema: "Ni uchovu tu." Someni somo hili pamoja nyumbani, wanaume na vijana wakiwemo, kwani huenda ninyi ndio mtakaopiga simu.

Dalili zake

Dalili ya mvua ni mawingu. Chukueni mfano wa mama aliyezoea kupanda Chaussée d'Ixelles kwa miguu, kutoka Flagey hadi maduka ya Matonge. Siku hizi hulazimika kusimama njiani: pumzi humwishia, kifua humbana, na akipumzika hupata nafuu. Asiseme ni umri. Huenda mishipa inayoulisha moyo imeanza kuwa myembamba. Amwone daktari upesi.

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa mmojawapo unapoziba. Kubanwa na kifua ndiyo dalili kuu kwa wanawake na wanaume. Hata hivyo, wanawake hupata mara nyingi zaidi dalili nyingine pamoja nayo, au hata bila maumivu ya kifua:
- maumivu ya taya, shingo, mgongo, bega au mkono;
- maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo, kichefuchefu au kutapika;
- kukosa pumzi, jasho la baridi, kizunguzungu;
- uchovu mzito usio wa kawaida.

Dalili hizi zikija ghafla, au kifua kikibana hata mtu akiwa ametulia, pigeni 112 mara moja. Simu hiyo ni ya bure. Semeni "douleur à la poitrine", yaani maumivu ya kifua, kisha tajeni mtaa, nambari ya nyumba na ghorofa. Msikate simu kabla ya kuruhusiwa. Mgonjwa asiendeshe gari, wala asingoje kupambazuke. Kila dakika inayopita, misuli ya moyo inazidi kufa.

Walio katika hatari zaidi

Ni wenye shinikizo la damu, kisukari, lehemu nyingi au uzito uliozidi, wavutaji wa sigara, na wale ambao wazazi au ndugu zao waliugua moyo mapema. Kwa wanawake kuna mambo ya ziada: shinikizo la damu, kifafa cha mimba au kisukari wakati wa ujauzito, na kukoma hedhi mapema. Mwambieni daktari habari hizo, hata kama mtoto huyo sasa ni mtu mzima.

Kinga

Shinikizo la damu halina kelele. Hujulikana kwa kupimwa tu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika makayabu na vidonge vya mchuzi. Loweka makayabu na kumwaga maji yake. Punguza mafuta ya mawese katika sombe. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Acha sigara kabisa. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri. Na anayekusudia kufunga Ramadhani amwulize daktari kwanza namna ya kuzipanga.

Asiye na hati za ukaazi asijifiche na maradhi. Msaada wa matibabu ya dharura, uitwao aide médicale urgente, huombwa CPAS ya wilaya anamoishi, nao unahusu pia huduma za kinga.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni lini mama wa nyumba hii alipimwa shinikizo la damu mara ya mwisho?
2. Je, kila mmoja, hata mtoto, anaweza kutaja anwani yetu kwa Kifaransa au Kiholanzi?
3. Ni kazi gani za nyumbani tutakazogawana ili mama apate nafasi ya kwenda kwa daktari wiki hii?