Mashine ya Mashua Inapokataa Gia: Namna ya Kuutafuta Ugonjwa Wake



Mkulima wa skimu ya Hindi au ya Lake Kenyatta kule Mpeketoni huyafikisha mazao yake barabarani, na gari likayachukua. Mwenzake wa kisiwa cha Ndau hana njia hiyo. Gunia la ufuta, nazi, mabati ya kuezekea na watoto wa shule, vyote hupita baharini. Kwake yeye mashine ya mashua ndiyo lori, ndiyo basi, na usiku wa shida ndiyo gari la wagonjwa. Nanyi wa bara, mkitaka kufika Lamu mjini, mwapanda mashua pale Mokowe. Kwa hiyo somo la mwezi huu latuhusu sote.

Tuseme mashua imetoka Ndau alfajiri kwenda Lamu, na magunia yamejaa. Ni wakati wa kusi, upepo uko usoni. Nahodha aongeza moto, mashine yalia kwa nguvu, lakini chombo hakiendi mbele. Hapo watu husema, "Giaboksi imekufa." Wakifika nyumbani huuza mbuzi wanunue nyingine. Pengine kilichokufa ni mpira mdogo tu ndani ya rafadha, yaani ile propela. Asiyeujua ugonjwa hununua dawa isiyo yake.

GIA HUFANYAJE KAZI?

Katika mashine ya kutundika nyuma ya mashua, mti wa chuma hushuka kutoka kwenye injini mpaka majini. Mwisho wake una gia ndogo, nayo huzungusha gia mbili kubwa: moja ya kwenda mbele, moja ya kurudi nyuma. Hizo mbili huzunguka wakati wote, kila moja kwa upande wake. Katikati yao pana kipande chenye meno kiitwacho klachi. Ukisukuma mkono wa gia, klachi husogea ikashikana na gia moja, na rafadha huzunguka. Ikikaa katikati haishiki popote, nayo rafadha hutulia.

Basi, nguvu ikipotea, imepotea mahali pamoja katika njia hiyo. Tuifuate hatua kwa hatua, tukianza na lililo rahisi.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE zima mashine, toa kamba ya kuzimia, na chomoa waya za plagi. Rafadha haina huruma na vidole.

1. Tazama majini kwanza. Inua mashine. Je, pana nyavu, kamba au majani yaliyojizonga? Je, rafadha imevunjika mabawa? Je, mashine imetundikwa juu mno, au mzigo wote umewekwa mbele hata nyuma ikainuka? Rafadha ikivuta hewa badala ya maji, mashine hulia bure.

2. Jaribu mkono wa gia. Weka gia katikati, kisha zungusha rafadha kwa mkono. Yapasa izunguke bila kushikwa. Sasa mwenzako atie gia ya mbele huku wewe ukiizungusha polepole. Yapasa ikatae, walau kwa upande mmoja. Jaribu na gia ya nyuma vivyo hivyo. Ikiwa mkono wasogea lakini rafadha bado yazunguka bure pande zote mbili, tafuta kwanza kebo iliyoshikwa na kutu, pini iliyotoka, au fimbo ya gia iliyolegea. Hayo hutengenezwa bila kufungua giaboksi.

3. Pima mpira wa rafadha. Rafadha nyingi zina bushi ya mpira katikati, ili zikigonga mwamba mpira uteleze na gia zisivunjike. Mpira huo ukichoka huteleza hata bila mwamba. Dalili yake ni hii: ukienda polepole chombo chaenda vizuri, ukiongeza moto, mashine hulia na mwendo hauongezeki. Chora mstari mmoja kwa rangi kutoka kitovu cha ndani mpaka sehemu ya nje ya rafadha. Nenda safari fupi ukiwa na mzigo, kisha tazama. Ikiwa mstari umeachana, umeupata ugonjwa. Rudi pwani kwa mwendo mdogo, ubadilishe bushi au rafadha.

4. Sikiliza klachi. Ikiwa gia yaingia, halafu yaruka na kurudi kwa kishindo, ga-ga-ga, kila unapoongeza moto, na kebo imefungwa sawasawa, yaelekea meno ya klachi yamelika. Hiyo ni kazi ya fundi. Usiendelee kuilazimisha, maana vipande vya meno huharibu gia zilizo nzima.

5. Soma oili ya gia. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, uikinge oili katika chombo safi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya chumvi yameingia. Mara nyingi mshipi wa kuvulia hujizonga nyuma ya rafadha ukaikata sili. Vumbi laini la chuma si ajabu. Lakini vipande vinavyokwaruza vidole ni habari mbaya.

KWA WENYE MAGARI

Gari la gia zinazojibadili zenyewe nalo husema kwa oili yake. Injini ikilia na mwendo usiongezeke, au gia ikichelewa kuingia, pima kwanza oili ya giaboksi kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Ikiwa pungufu, tafuta inakovujia. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi za ndani zimechomeka. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi hutoka kwenye rejeta. Katika hali hizo mbili simamisha gari, umwite fundi.

KINGA

Badilisha oili ya gia kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Ijaze kwa tundu la chini mpaka itoke kwa tundu la juu, ndipo hewa isibaki ndani. Funga ya juu kwanza. Kila mara badilisha na washa za skrubu.

Tia gia mashine ikiwa katika mwendo mdogo kabisa, na uitie kwa mkono mmoja thabiti. Anayeitia polepole kwa kuihurumia ndiye anayeyala meno ya klachi.

Mwisho, usitoke Ndau bila kasia, nanga na kamba ndefu, maboya ya kuvaa, rafadha ya akiba na spana yake. Mashine ikikataa gia, teremsha nanga kwanza kabla mkondo haujakuchukua; kisha ndipo utafute ugonjwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chupa ya oili ni rahisi kuliko giaboksi, na giaboksi ni rahisi kuliko roho ya mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini twatazama rafadha kabla ya kufungua giaboksi?
2. Mstari wa rangi ukiachana, ni kitu gani kilichoharibika?
3. Oili nyeupe kama maziwa yatuambia nini?