Wifi Anasema Kozi ya Miezi Mitatu ni Kujidhalilisha

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 42 na watoto watatu. Kushona nilifundishwa na shangazi yangu baada ya kumaliza darasa la saba. Magauni ya vitenge na sare za shule nashona vizuri na wateja ninao, ila mtu akija na kitambaa cha suti namwelekeza kwa fundi mwingine, na hela inaenda huko. Nimesikia kuna kozi fupi za jioni. Wifi yangu anasema mtu mzima kukaa darasani na watoto ni kujidhalilisha, na cheti cha miezi mitatu hakina thamani; kama ni kusoma, nisome miaka miwili au niache. Mume wangu amenyamaza tu. Mwenyewe naogopa kichwa kimeshachoka. Nifanyeje?
Fundi, Morogoro

JIBU

Wengi wanaoandika kuhusu masomo huuliza wasome nini. Fundi huyu haulizi hivyo. Anajua anachokiweza, anajua kinachomshinda, na anajua hela yake inapotelea wapi. Mtu wa namna hii ndiye anayefaidi kozi fupi kuliko wote, na hapo ndipo hoja ya wifi kuhusu miaka miwili inapoanza kulegea.

Kozi ndefu ya ushonaji hupangwa kwa kijana ambaye hajawahi kushika mkasi. Muda mwingi unakwenda kwenye kuzoea cherehani, kunyoosha mshono, kuchukua vipimo na kuweka zipu. Fundi wa Morogoro akiingia humo atalipa ada ili afundishwe anachowafundisha wengine. Kinachompungukia ni koti: kulikata, kuikalisha kola, kuweka bitana, kupachika mikono isivute begani. Akisoma jioni, fremu yake haifungwi mchana. Alichoonyeshwa Jumatatu anakijaribu Jumanne kwenye kitambaa chake mwenyewe, akikwama anarudi kwa mwalimu na swali lenye mkono uliopinda kama ushahidi. Kijana wa kozi ndefu hana nafasi hiyo, maana hana mteja anayemsubiri.

Kuhusu kudhalilika, wifi akumbushwe historia ya nchi yake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na hakuna aliyecheka. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12 za vipindi vya redio, vijitabu vya kusoma kwa vikundi, na watu wazima wapatao milioni mbili wakakaa kusikiliza na kujadili malaria, kuhara na maji machafu. Baada ya mjadala walichukua majembe wakachimba vyoo. Ilikuwa kozi fupi kwa kila kipimo, tena wengi wa waliosoma walikuwa baba na mama wa watu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipata sheria yake, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanza kufunguliwa kwa mfano uliochukuliwa Sweden. Leo vyuo hivyo ni 54, na kimoja kipo Bigwa, hapo hapo Morogoro.

Hofu ya kichwa kuchoka inastahili jibu lake. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha vijana kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, kwa muda wa miezi mitatu. Picha za ubongo zilionyesha kuwa sehemu zinazohusika na kufuatilia vitu vinavyotembea zimeongezeka. Mwaka 2008 jaribio lilirudiwa kwa watu wa miaka 60 hivi. Waliofaulu kurusha vizuri walikuwa wachache kuliko vijana, lakini ubongo wao nao ulibadilika. Kwa hiyo mwenye miaka 42 asitafute kisingizio huko. Ila majaribio hayo yana upande wa pili: watu walipoacha mazoezi, mabadiliko yale yalirudi nyuma. Akimaliza kozi kisha akakaa mwaka mzima bila kukata koti, ada yake itakuwa imepotea.

Hoja ya cheti ndiyo yenye uzito, na hapa wifi anastahili kusikilizwa. Wapo watu wenye droo iliyojaa vyeti vya upishi, mapambo, kompyuta na batiki, na hakuna hata kimoja kilichowaingizia shilingi. Zipo pia kazi ambazo kozi fupi haimfikishi mtu. Wiki sita hazimfanyi mtu muuguzi, na anayefunga nyaya za umeme majumbani anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama mikono yake ni myepesi kiasi gani. Fundi cherehani hana kikwazo hicho. Mteja wa suti haangalii ukutani, anaangalia bega la koti.

Hata hivyo, kama anataka karatasi ya kuonyesha, kuna njia ambayo haikutajwa katika barua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, yaani kwa watu waliofundishwa na shangazi, na jirani au na kazi yenyewe. Mtathmini anamhoji fundi na kumwona akifanya kazi. Panapoonekana pengo anapewa mafunzo ya kulijaza, kisha anatunukiwa cheti. Fundi huyu anaweza kwenda njia zote mbili: miaka aliyokaa kwenye cherehani itambuliwe rasmi, na kozi fupi ishughulike na koti peke yake. Ana VETA pale Kihonda na chuo cha wananchi Bigwa. Aende kote kuwili ana kwa ana, aulize kinachotolewa msimu huu.

Akifika asianze na swali la ada. Kwanza aulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, hasa kikiwa cha mtu binafsi. Kisha aulize cherehani ni ngapi kwa wanafunzi wangapi, saa za vitendo ni ngapi kwa wiki, na kama ataruhusiwa kuleta kitambaa chake. Muhimu kuliko yote, aulize mwanafunzi anamaliza kozi akiwa ameshona makoti mangapi kwa mkono wake. Akijibiwa kwamba anaona mwalimu akishona, aage kwa heshima na kuondoka.

Fedha ikipungua, wapo wanawake wa mtaani kwake wa kuunda nao kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Mkopo huo usiwe wa ada, uwe wa kile kitakachohitajika baada ya kozi: pasi nzito, cherehani ya ovaloki, kitambaa cha kuanzia. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona.

Amebaki mume aliyenyamaza. Huenda hana neno na masomo yenyewe, ila hajaambiwa jioni hizo zitaendeshwaje. Fundi akae naye na daftari: siku za kozi ni zipi, nani atapika siku hizo, nani atasimamia madaftari ya watoto, ada ni kiasi gani, na mwezi uliopita wateja wangapi wa suti walipelekwa kwa fundi mwingine, kila mmoja kwa bei gani. Hesabu hiyo ya mwisho aitangulize. Mkutano huo ufanyike kabla wifi hajaja kutembea.