Mafunzo ya Fedha Jinja na Mbale: Ofisi Ndogo Ina Vitabu Vyote

Ifikapo Juni, wanafunzi wa uhasibu na fedha mashariki mwa Uganda, wakiwamo wa kampasi za Jinja na Mbale za MUBS, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, na wa Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, huzunguka mjini na barua za utambulisho wakitafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi huanzia benki, na akikataliwa huko mtu hujiona hana bahati. Mimi nadhani mara nyingi amepona. Tawi la benki kubwa katika miji hii ni mahali pa kuhudumia wateja. Maamuzi mazito hupitishwa Kampala, na mwanagenzi hapewi neno la siri la mfumo, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Utajaza fomu za kufungua akaunti, utaelekeza watu dirishani, na utatoka na picha nzuri ukiwa umevaa tai.

Kwa mtu mwenye miezi miwili tu, SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, humfunza zaidi. Pale meza ya keshia, faili za mikopo na leja viko chumba kimoja. Omba mkopo mmoja tu uufuate tangu mwanzo: ombi, wadhamini, kikao cha kamati, hati ya malipo, kuingizwa kwenye leja, marejesho ya kwanza. Ukiweza kueleza kila karatasi iko kwa sababu gani na nani aliisaini, umeshajifunza udhibiti wa ndani bila kufungua kitabu. Kisha uliza waliochelewa kulipa ni wangapi na wamechelewa siku ngapi. Meneja akisita kujibu, hilo nalo ni somo, ingawa si la kuandika kwenye ripoti kwa maneno makali.

Jifunze hasa hesabu ya riba, maana wateja wengi wanaopita hapo hawajawahi kufafanuliwa. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 240,000. Ikihesabiwa juu ya salio, huku akirejesha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, riba yote ni shilingi 130,000. Kiwango ni kilekile cha asilimia 2, lakini tofauti ni shilingi 110,000. Sasa linganisha na fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Kibuku, si mbali na Mbale, Februari 2022: kaya hukopeshwa hadi shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mwanagenzi anayeweza kumweleza hayo mama muuza nyanya wa soko kuu la Jinja kwa Lusoga, au mzee wa kahawa kwa Lumasaba, au yeyote kwa Kiswahili, ana ujuzi ambao wasimamizi wa ofisi hizi huutafuta.

Kahawa yenyewe ina kalenda yake. Mavuno makuu ya miteremko ya Mlima Elgon huja kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo ukiwa Mbale Juni na Julai usitarajie kuona magunia yakipimwa kwa wingi. Utakachoona ni upande wa pili: mkulima akitafuta fedha za kumfikisha msimu. Ukibahatika kuingia chama cha msingi cha ushirika, uliza mkulima hulipwa lini na kwa awamu ngapi. Chama cha Ushirika cha Bugisu kipo tangu 1954, na kukopesha kwa kutegemea zao ambalo bado liko mtini ni kazi ya zamani huku mlimani.

Ofisi za fedha za jiji na wilaya nazo zisidharauliwe. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na fedha zilizoidhinishwa zisipotumika, idhini yake hufa siku hiyo. Anayeanza mapema Juni huona mbio za malipo ya mwisho. Anayekaa hadi Agosti huona hesabu za mwaka zikiandaliwa, maana sheria inazitaka ndani ya miezi miwili. Ukipewa kupanga hati za malipo, usinung'unike. Zisome moja baada ya nyingine, utafute iliyokosa saini au kiambatisho.

Kwa wafanyabiashara na wahasibu binafsi, tarehe ya kuzingatia ni 15 ya kila mwezi. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha kodi ya mishahara, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi, 10 kutoka kwa mwajiri. Omba ukae karibu na anayeandaa hesabu hizo wiki moja kabla.

Mambo machache hayana mjadala. Usishike fedha bila kuhesabu mbele ya anayekukabidhi na kuandikiana. Usisaini kwa niaba ya mtu, usitumie neno la siri la mwenzako hata akikupa kwa wema. Usipige picha taarifa ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda, na kundi la WhatsApp la darasa si kabati la ofisi. Mtu akikudai fedha ili akupatie nafasi, ondoka.

Daftari la kazi lijazwe kila jioni. "Nilisaidia idara ya fedha" halimwelezi msimamizi wa chuo chochote. "Nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya Juni, tofauti ikatokana na hundi ambazo hazijawasilishwa" linamweleza. Wiki moja kabla ya kuondoka, mpelekee msimamizi wa ofisi rasimu ya ripoti ukiwa umefuta majina ya wateja. Siku hiyohiyo mwombe barua inayotaja kazi ulizofanya, angali anakukumbuka na kabla ofisi haijapokea wanagenzi wengine.