Kongosho Linapougua, Mifupa Nayo Hudhoofika



Ndugu msomaji, tunapowatembelea wagonjwa parokiani, wenye ugonjwa sugu wa kongosho hutueleza maumivu ya tumbo, kukonda na kisukari. Habari za mifupa ni nadra kuzisikia, kwa kuwa mfupa hudhoofika bila kuuma mpaka siku unapovunjika. Katika somo hili tunaangalia kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kusaidia.

1. Kazi ya kongosho

Kongosho lipo nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini ya kuratibu sukari mwilini, na humimina kwenye utumbo vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Likivimba kwa miaka mingi hujaa makovu na kazi hizo hufifia.

Pombe na sigara ni visababishi vikubwa, lakini si pekee. Mwaka 1959 daktari Zuidema aliandika juu ya wagonjwa wa Indonesia wenye lishe duni na chembe ngumu za kalisi ndani ya kongosho. Ugonjwa wa aina hiyo, unaowapata hata vijana wasiokunywa pombe, ulijulikana sana Kerala nchini India, na umeonekana Afrika pia. Basi tusimwite mgonjwa mlevi kabla ya kumsikiliza.

2. Kutoka kongosho hadi mfupa

Katika falsafa tunafundishwa kufuata visababishi hatua kwa hatua. Hapa hatua ni hizi:

- Mafuta yasiposagwa hutoka na choo, ambacho huwa kingi, chenye mafuta na harufu kali.
- Vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, hivyo nazo hupotea.
- Vitamini D ikipungua, mwili hushindwa kufyonza kalisi vizuri.
- Damu haiwezi kukosa kalisi, kwa hiyo mwili huichota kwenye mifupa.

Uvimbe wa muda mrefu, kukonda, sigara, pombe na kulala kitandani siku nyingi huongeza madhara.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa na mifupa iliyodhoofika sana. Ukijumlisha na wale ambao mifupa yao imeanza kupungua uimara, wanafika takribani wawili kati ya watatu.

Mtu wa namna hii anaweza kuvunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu. Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea hata bila kuanguka, na hapo pana mtego: maumivu ya kongosho huelekea mgongoni, kwa hiyo pingili iliyovunjika yaweza kudhaniwa ni maumivu yale yale ya zamani. Maumivu yakibadilika, kimo kikipungua au mgongo ukipinda, mgonjwa apelekwe hospitali.

3. Tufanye nini?

*Dawa.* Aliyeandikiwa vidonge vya vimeng'enya avimeze pamoja na chakula, si saa kadhaa baadaye. Vidonge hivi ni mzigo kwa familia nyingi. Jumuiya inaweza kuchangia.

*Vipimo.* Amwulize daktari kuhusu kupima vitamini D na uimara wa mifupa. Asijinunulie vidonge vya kalisi bila ushauri.

*Chakula.* Maziwa, mayai, maharage, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Asiache mafuta yote kwa hofu, maana atazidi kukonda.

*Jua na mwendo.* Vitamini D inayotengenezwa na ngozi juani haihitaji kongosho. Kutembea kila siku huimarisha mifupa.

*Pombe na sigara.* Aache vyote viwili, na sisi tusimkaribishe kinywaji sherehani.

*Nyumbani na kanisani.* Tuondoe vitu vya kujikwaa na tuweke taa njia ya chooni. Asiyeweza kupiga magoti aketi. Wakati wa Kwaresima tumkumbushe kwamba sheria ya kufunga haimbani mgonjwa. Mwili wake tayari umepungukiwa.

Hitimisho

Kiungo kimoja kikiumia, kingine cha mbali hulipa gharama. Anayemhudumia mgonjwa wa kongosho amtazame mzima: anakula nini, anatembeaje, mgongo wake ukoje. Swali dogo likiulizwa mapema laweza kuokoa nyonga ya mtu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, kuna mgonjwa tuliyemhukumu kwa sababu ya aina ya ugonjwa wake?
2. Tunaweza kumsaidiaje mgonjwa apate dawa na chakula kinachofaa?